Boila Iliyoingizwa Gerejini

Simu ya Maman Odette ilinikuta jikoni nikimenya vitunguu, machozi yakiwa tayari yananitoka, kwa hiyo mpaka leo sijui ni lini hasa yaligeuka kuwa ya kweli. "Zuhura, ma fille, Papa ametuacha," alisema. "Jana à quatorze heures, saa nane ya muchana. Alilala tu, bon, hakuamuka." Nikampa pole, nikamwuliza kilio kitawekwa wapi, akanitajia ukumbi wa parokia huko huko kwao Berchem-Sainte-Agathe, na alipokata simu nikabaki nimesimama na kisu mkononi. Kwa karibu miaka ishirini nilikuwa nikimpigia Maman kila Krismasi na yeye akinipigia kila Idi. Tunaulizana afya, tunacheka, na kila mara alipotaka kumpa mumewe, Papa Floribert, simu tusalimiane, mimi nilikuwa na chungu motoni au mtu mlangoni. Sikuwa na chungu wala mtu. Nilikuwa naikwepa sauti ya mzee aliyenipa kiti karibu na moto wake, mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na minne na sina mtu hata mmoja katika jiji hili.

Nilikuja Brussels mwaka 2005 kwa mafunzo ya mwaka mmoja ya kazi za maabara, katika hospitali ya upande wa Woluwe-Saint-Lambert, na wakanipa chumba katika hosteli ya wanafunzi: kitanda, meza, sinki, na dirisha linalotazama dirisha la mwingine. Jokofu lilikuwa la watu wanane, na kila kitu ndani yake kilikuwa na jina la mwenyewe, hata yai. Watu walikuwa na adabu sana. Walinifungulia milango, walisema bonjour, wakaenda zao. Nimezaliwa Tanga, mji ambao mtu akikupita bila kukuuliza habari za nyumbani unajua mna ugomvi, na pale nilipitwa hivyo kutwa mara arobaini na watu wasio na ugomvi na mimi. Jumapili nilikuwa naenda dukani kununua mkate nisiouhitaji, ili tu yule mama wa duka anitakie siku njema, "bonne journée, mademoiselle". Mikate ikawa inakauka chumbani. Nikafika mahali nikawa najisemesha mwenyewe kwa Kiswahili nikioga, nikijipa shikamoo na kujiitikia marahaba, na sioni aibu kulisema, maana upweke ukikomaa hauna heshima.

Siku moja ya Oktoba, ndani ya tramu, nikasikia nyuma yangu sauti ya mwanamke akifoka kwenye simu: "Ile makayabu ungetia mu maji jana, si leo! Leo tutakula chumvi tupu!" Sikuwahi kusikia maneno matamu kama yale. Aliposhuka nami nikashuka, ingawa kituo changu kilikuwa nyuma kabisa, nikamfuata hatua kumi kama mwizi, kisha nikasema, "Shikamoo, mama." Akageuka, mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu mwenye mifuko miwili ya soko, akanitazama toka kichwani hadi viatuni, akacheka mpaka akaweka mifuko chini. "Shikamoo! Kumbe kuko bantu banasemaka vile vraiment? Minazania ni mu Biblia tu!" Huyo ndiye Maman Odette, wa Lubumbashi, Kongo, na alasiri hiyo hiyo nilikula kwake bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, na ile makayabu, samaki wao mkavu, kweli ilikuwa chumvi tupu, nami nikaimaliza yote. Kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimehamia kwao, katika chumba kidogo cha mbao kilichojengwa juu ya gereji. Kwenda kazini ilinibidi nilivuke jiji zima, tramu halafu metro, na sikulalamika hata siku moja.

Chumba changu kilikuwa na joto kuliko vyote, na sababu yake ilikaa chini ya sakafu yangu. Papa Floribert, mume wa Maman Odette, alikuwa amefanya kazi kwenye tanuri la kuyeyushia shaba kwao Katanga, na alikuwa hauamini mfumo wowote wa joto ambao haoni moto wake kwa macho. Gesi aliiita uchawi wa kulipia. Basi alikwenda mashambani, nje ya jiji, akanunua kwa mkulima mmoja boila ya kuni iliyotumika: sanduku la chuma lenye urefu wa mtu, tumbo la moto katikati, maji yakizunguka tumbo hilo na kusafiri kwa mabomba hadi ndani ya nyumba. Ni chombo kilichotengenezwa kukaa nje, mbali na nyumba, chini ya mvua, kikitoa moshi wake kwa bomba fupi. Na nje ndiko kilikoanzia, uani, nyuma ya miti ya waridi ya Maman. Lakini jirani alilalamika kwamba nguo zake alizoanika zinanuka nyama ya kubanikwa, kuni zikawa zinalowa, na Papa akachoka kutoka na ndala alfajiri kwenda kulisha moto kwenye baridi. Akawaita wanaume wanne, wakaisukuma juu ya vipande vya mabomba hadi ndani ya gereji. Gari likahamia barabarani.

Sitaki mtu afikiri alifanya kijinga. Aliifanya kazi ile kwa mikono ya fundi. Alimwaga zege pale boila itakaposimama, akapigilia mabati ukutani na kuacha nafasi ya mkono mzima nyuma yake, akaunga bomba la moshi likatoka ukutani na kupanda mpaka juu ya paa. Chini ya mlango wa gereji alikata matundu mawili, kila moja upana wa kitabu kilichofunguliwa, akayawekea wavu wa panya. "Moto inapumua," aliniambia siku ya kwanza, akinionyesha matundu yale kwa fahari. "Ukiifunga pua, inakasirika." Nikamwuliza kama mkulima alikubali iwekwe ndani. Akacheka. "Ule fermier alinionya: monsieur, ile ni ya inje, ibakie inje. Mi nikamuambia: ata mi nilikuwa muntu ya inje, sasa niko mu nyumba, na sijaua muntu." Aliiita mashini. Akiwa kazini alimpigia Maman kuuliza, "Mashini imekula?" kabla hajauliza kama Maman mwenyewe amekula.

Gereji ikawa baraza. Palikuwa na zulia kuukuu, kochi lililovunjika mguu, redio, na viti vya kila kabila. Ijumaa jioni na Jumapili baada ya kanisa walikuja watu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, wakakaa mbele ya lile sanduku la chuma na kusema. Nami Mtanga, Mwislamu, nisiyejua hata mtaa mmoja wa Lubumbashi, nilikaa nao nikisikiliza nani ameoa, nani amekataa kumtumia mama yake simu, nani anajifanya daktari na ni mfagiaji. Walinitania kwa Kiswahili changu cha Biblia, nami nikajifunza chao, ambamo ndiye na ndio ni "njo" tu. Tonton Kabeya, rafiki mkubwa wa Papa, mtu wa maneno mengi na koti moja, kila nikisema jambo alikuwa anainua mkono na kusema "Amina!" Nilijifanya nakasirika, na moyoni nilikuwa nacheza ngoma. Wiki ya pili Papa alileta kiti cha mbao, akakiweka kati ya chake na ukuta, akasema mbele ya wote, "Apa ni pa Zuhura. Muntu asikae." Nilipanda chumbani kwangu nikalia, na yalikuwa machozi ya raha, ya kwanza tangu nifike Ulaya.

Kichwa kilianza kuniuma mwezi Novemba. Kilinianza Ijumaa jioni, kikakaa Jumamosi, Jumapili kikazidi na kichefuchefu juu yake, na Jumatatu nikiwa kwenye metro kikaisha taratibu kama mtu anayeshuka ngazi. Nikadhani ni upweke wa zamani unatoka mwilini, au ni makayabu. Maman Odette naye alikuwa analalamika kichwa, akasema ni tension, presha yake, akameza vidonge vyake. Papa hakulalamika, ila alikuwa anasinzia kitini saa kumi alasiri, na Tonton Kabeya akamcheka kwamba uzee umebisha hodi. Kuni za mwezi ule zilikuwa mbichi, za miti ya mitaani iliyokatwa, Papa alipewa bure, na zilitoa moshi mzito uliobandika lami nyeusi ndani ya bomba. Niliona lami hiyo ikidondoka kwenye ungio la bomba. Niliiona kama mtu aonavyo kutu kwenye dirisha la mtu mwingine.

Mwishoni mwa mwezi ule ikaletwa maabara damu ya mama na binti yake kutoka ghorofa moja ya Saint-Gilles, waliokutwa wamezimia kwa sababu ya kichemshio cha maji ya kuoga. Damu ilikuwa nyekundu ya kung'aa, nzuri kupita kiasi. Griet, Mbelgiji aliyekuwa akinifundisha kazi, akaniambia, "Itazame vizuri, hii utaiona kila baridi." Akanieleza monoksidi ya kaboni, ile hewa ya moto usiopata pumzi, isiyo na harufu wala rangi, inavyokaa ndani ya damu mahali pa hewa njema. Dalili zake ni kichwa, alisema, kichefuchefu, usingizi, na moja ya kukumbuka: mgonjwa hupata nafuu akitoka nyumbani. Nikahesabu Ijumaa zangu na Jumatatu zangu. Sikumwambia kitu wakati ule. Jumatatu iliyofuata nikawahi kufika, nikamwomba Griet anitoe damu, akaipitisha kwenye mashine, akasoma, akaniuliza kama navuta sigara. Nikasema sivuti. "Basi nyumbani kwako kuna kitu," akasema. "Leo hii uwaambie wenye nyumba."

Sikuwaambia. Nimetafuta maneno ya kulipamba jambo hili kwa miaka yote hiyo na sijayapata. Jioni ile nilishuka gerejini nikiwa nimeyapanga maneno yote, na Papa alikuwa amepiga magoti mbele ya boila akifuta mlango wake wa chuma kwa kitambaa, akiimba. Akaniambia, "Karibia, Zuhura, utapata baridi." Nikaona kabisa yatakayofuata nikifungua mdomo. Moto utazimwa, gereji itarudi kuwa ya gari, watu hawatakuja kukaa sebuleni kwenye makochi ya plastiki, na mimi nitarudi kwenye jokofu la mayai yenye majina. Tena nani mimi, mtoto wa juzi, kumwambia mzee wa tanuri kwamba moto wake unaua? Nilijaribu kwa mbali. Nilisema kwetu Tanga watu huogopa kulala na jiko la mkaa ndani. "Ata kwetu," akajibu. "Mbabula inauaka. Lakini mashini iko na cheminée, bomba ya moshi, ma fille." Nikasema kweli, Papa. Kisha nikapanda juu, nikafungua dirisha langu, na kuanzia siku hiyo nikalala nalo wazi, nimevaa makoti mawili. Kichwa changu kikapona. Nikajiambia Jumamosi nitasema, halafu Jumamosi nyingine.

Wiki mbili zilipita hivyo. Wiki ya tatu dada mkubwa wa Papa alifariki huko Likasi, na kilio kikawekwa gerejini Jumapili, baada ya misa, kwa sababu kwao msiba hukaliwa mbele ya moto na pale ndipo moto ulipokuwa. Theluji ilikuwa inaanguka tangu asubuhi. Walikuja watu kama ishirini na watano, wanaume kwenye viti, akina mama chini kwenye zulia wamenyoosha miguu, vitenge vimefungwa viunoni juu ya makoti. Mimi nilikuwa napitisha chai. Nilimwona Tonton Kabeya akiinama na kusokomeza koti kuukuu kwenye tundu la kwanza la mlango, kisha gunia kwenye la pili.

"Tonton," nikamwambia kwa sauti ya chini, "hayo ni matundu ya hewa."

"Hewa?" akasema. "Ile baridi njo itaua ba maman. Waone, wanakaa chini. Leta chai, mwana."

Nikaleta chai. Nikapanda chumbani kama mtu aliyesahau kitu, nikakaa kitandani karibu na dirisha langu lililo wazi, nikavuta pumzi, nikashuka tena. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo, kwamba nilipanda kwenda kupumua.

Wa kwanza kuanguka alikuwa Maman Odette. Alikuwa analia kwa wimbo, akimtaja wifi yake na mema yake, akanyamaza katikati ya neno na kulalia bega la jirani yake. Hakuna aliyeshtuka. Katika kilio mtu huanguka, ni heshima kwa marehemu, na wanajua la kufanya: walimpepea kwa kitenge, wakamlaza kwenye zulia, wakasema, "Mumuache, analia wifi yake." Mmoja akasema anatetemeka, asogezwe karibu na moto. Papa, machozi yakimtiririka, akafungua mlango wa boila, moshi ukatoka, akaongeza magogo mawili. Mama wa pili akaanguka, naye akapepewa. Nilikuwa nimeshika birika, najua jina la kinachowaangusha, na bado namimina chai. Ndipo Tonton Kabeya alipoteleza kutoka kwenye kiti chake, polepole, kofia ikadondoka. Tonton Kabeya hakuwahi kumwona yule marehemu maishani mwake. Alikuja kwa ajili ya Papa, na dakika tano nyuma alikuwa anasimulia habari za mpira. Huzuni gani imwangushe yeye?

Birika likanitoka. "Ni moshi!" nikapiga kelele. "Tokeni! Hamlii, mnakufa!"

Papa akageuka, macho mekundu. "Zuhura," akasema taratibu, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kofi, "apa tunalia muntu."

Niliruka miguu ya akina mama, nikashika mpini wa mlango wa gereji, nikauinua wote juu. Theluji ikaingia hadi kwenye zulia. Watu walinipigia kelele kwamba nimerukwa na akili, kwamba Mwislamu amekuja kuvunja kilio cha Wakristo, mpaka wa kwanza wao alipojaribu kusimama anifuate na magoti yakakataa. Hapo wakaelewa. Tuliwavuta mmoja mmoja hadi uani, tukawalaza kwenye theluji wakiwa na vitenge vyao, nami nikaita wazimamoto na kuwaambia neno alilonifundisha Griet. Watu saba walichukuliwa hospitali. Hakufa hata mmoja, na ninashukuru Mungu kila nikikumbuka, lakini Maman Odette hakufungua macho mpaka kesho yake asubuhi.

Ni siku hiyo ya pili, kwenye korido ya wodi, Papa alipoongea nami. Walikuwa wamempa naye oksijeni, anaburuta chupa yake kwa magurudumu. Watu walikuwa wameshaanza kunisifu, kila anayekuja kutazama wagonjwa ananishika mkono. Yeye alikaa kando yangu, akaishusha ile barakoa ya hewa hadi kidevuni.

"Dirisha yako," akasema. "Nilikuwa naionaka kutoka inje, mu jardin. Wazi, na baridi vile. Nikamuambia Odette, ule mutoto wa Tanga anapenda baridi, donc tumuongezee couverture ya kulalia." Akapumua. "Ulijua tangu wakati gani?"

Ningeweza kudanganya. "Karibu wiki tatu, Papa," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayehakikisha hesabu aliyokwisha kuipiga. Hakupandisha sauti. "Bon. Mutoto ya mu nyumba, akiona moto inaharibika, anapiga kelele, ata saa ya kulala, ata bantu bamutukane. Mugeni njo anafungua dirisha yake." Akarudisha barakoa usoni, akatazama ukuta. Nilitaka kumwambia kwamba nilinyamaza kwa sababu niliipenda gereji ile kuliko mahali popote, kwamba niliogopa kumpoteza yeye. Nilipojaribu kulisema kichwani mwangu nikasikia lilivyo: nilikuwa tayari wafe nikiwa nao, ilimradi nisiwe peke yangu, ila mimi nikijiachia dirisha. Nikainuka, nikaenda kumtazama Maman.

Wazimamoto waliifunga boila kwa utepe, na baadaye wakaja watu wa vyuma chakavu wakaibeba vipande vipande. Gereji ikarudiwa na gari. Hakuna aliyenifukuza; Maman alizidi kunipenda na kunipikia, Papa aliniitikia salamu zangu kwa adabu kamili, adabu ile ile ya watu wa hosteli. Joto la gesi liliingia nyumbani na watu wakapungua, kwa kuwa sebuleni mtu anakaa nusu saa na kuaga. Mwezi wa tatu nilihamia Saint-Gilles, kwenye chumba cha ghorofa ya nne katika nyumba iliyogawanywa vipande, nikasema ni kwa ajili ya safari fupi ya kazini. Mafunzo yaliisha, nikapata kazi, nikabaki. Papa alinisaidia kubeba kabati hadi juu, akashuka, akapiga honi mara moja, akaondoka. Sikumwona tena akiwa hai.

Kilio chake kilikuwa Jumamosi iliyopita. Ukumbi ulikuwa na joto, madirisha makubwa, kila mtu na kiti chake cha chuma. Maman Odette amekonda, anatembea kwa mkongojo, lakini sauti ni ile ile ya tramu. Alinishika mkono, akanipeleka kwenye meza waliyokaa wajukuu zake, vijana warefu wanaoongea Kifaransa kitupu, akawaamuru wainuke.

"Uyu njo Zuhura," akawaambia. "Bila yeye mi singekuwa apa, na babu yenu hangezeeka. Kila mwaka, siku ile ikifika, Papa alikuwa anatuambia: uyu mutoto, siku alijua, siku ile ile alisema. Hakungojea ata saa moja. Alikuwa anarudilia: ata saa moja!" Akanigeukia, macho yake yamejaa. "Si ni vile, ma fille?"

Miaka yote ile. Mezani kwake, mbele ya mkewe, kila mwaka, mzee yule alikuwa amekaa na kusema uongo kwa ajili yangu, na mimi nikimkwepa kwenye simu. Wajukuu walikuwa wamesimama wananisubiri, mikono imenyooshwa tayari kunisalimia. Nilikuwa na miaka arobaini na zaidi, na mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa.

"Ni vile, Maman," nikasema.